NJAA ISIYO YA MKATE
Manabii wanatufundisha nini juu ya kumkataa Mungu



Kila mara mvua inapochelewa, au maradhi yanapozidi vijijini, waamini huniuliza swali lile lile: “Baba, je, hii siyo adhabu ya Mungu kwa kuwa watu wamemkataa?” Hawaulizi kwa mzaha. Wamewasikia wahubiri wa viwanjani wakihesabu vita, njaa na matetemeko ya ardhi, na kila hesabu ikithibitishwa kwa jina la nabii fulani. Wanarudi nyumbani wameogopa, na mara nyingi wakiwa na jirani fulani akilini ambaye kwa maoni yao ndiye aliyeleta balaa.

Bwana wetu mwenyewe alikwisha kulijibu swali hilo. Alipoletewa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, na alipowakumbuka watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa kusema kwamba hao walikuwa wakosefu kuliko wengine (Luka 13:1-5). Alipoulizwa juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, alikataa tena (Yohane 9:3). Kwa hiyo, ndugu msomaji, aliyepatwa na ukame si lazima awe ndiye aliyekosa. Mara nyingi ni maskini ambaye amekosewa.

Hata hivyo, katika mafundisho yale ya kwanza Bwana aliongeza wito wa toba, na swali halikufutika. Manabii wanasema wazi kwamba kumkataa Mungu kuna matokeo, na kwamba matokeo hayo ni mazito. Maoni yangu ni kwamba sisi tunayatafuta mahali pasipo pake. Tunatazama mawinguni kama mvua itanyesha, hali nabii anatutaka tuyachunguze masikio yetu kama bado yanasikia.

NANI HASA ANAMKATAA MUNGU?

Tukisikia maneno “kumkataa Mungu”, wengi wetu humfikiria mtu asiyesali, anayecheka dini na kupita mbele ya kanisa bila kuvua kofia. Manabii hawakuhangaika sana na mtu wa namna hiyo. Watu waliowaita wakaidi walikuwa watu wa ibada.

Tumchukue Amosi. Alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu kutoka Tekoa, kijiji kilicho umbali wa kilometa kama 16 kusini ya Yerusalemu. Yapata mwaka 760 K.K. alivuka mpaka akaenda kuhubiri katika ufalme wa kaskazini, enzi ya Mfalme Yeroboamu wa Pili. Nyakati hizo zilikuwa njema kwa wenye nacho. Mipaka ilikuwa imepanuliwa, biashara ilistawi, na katika mji mkuu wa Samaria palikuwa na nyumba zilizopambwa kwa pembe za ndovu. Habari hiyo si chumvi ya mhubiri. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi katika magofu ya Samaria katika miaka ya 1930 walivikuta vipande vingi vya pembe za ndovu vilivyochongwa kwa ustadi.

Na ibada je? Ilistawi pia. Huko Betheli na Gilgali sadaka zilitolewa kila asubuhi, zaka zililetwa, nyimbo ziliimbwa kwa vinanda. Hapakuwa na mtu aliyetangaza kwamba amemkana Mungu wa Israeli. Lakini Amosi aliona wanyonge wakiuzwa kwa deni lisilozidi thamani ya jozi ya viatu. Aliona wafanyabiashara wakikaa ibadani siku ya Sabato huku mioyo yao ikiuliza itakwisha lini, ili wafungue ghala, wapunguze kipimo cha nafaka, waongeze uzito wa jiwe la kupimia fedha, na kuwauzia maskini hata takataka za ngano (Amosi 8:4-6). Hapo ndipo Mungu alipokataliwa. Jina lake liliendelea kutajwa madhabahuni, lakini sokoni alikuwa amefungiwa mlango.

Nabii Yeremia alilieleza jambo hilo hilo kwa namna nyingine alipomkaripia Mfalme Yehoyakimu, aliyejijengea jumba kubwa bila kuwalipa mafundi. Alimkumbusha baba yake, Mfalme Yosia, ambaye alikula na kunywa kama watu wengine lakini alitetea kesi ya maskini na mhitaji. Kisha nabii akauliza kama siyo hivyo ndivyo Mungu anavyojulikana (Yeremia 22:13-17). Basi, ikiwa kumjua Mungu ni kumtendea haki maskini, kumdhulumu maskini ni kumkataa Mungu, hata kama mdhulumu amevaa rozari shingoni.

MATOKEO YA KWANZA: SIKIO HUFA

Kuhani mkuu wa Betheli, jina lake Amazia, alipomsikia Amosi alikasirika, akapeleka taarifa kwa mfalme, kisha akamfukuza nabii (Amosi 7:10-17). Yafaa tuyaangalie vizuri majibu ya kuhani huyo. Hakuuliza kama maneno ya Amosi ni ya kweli au ya uongo. Hakwenda sokoni kuikagua mizani. Hoja yake ilikuwa kwamba Betheli ni mahali patakatifu pa mfalme, na kwamba nabii akatafute riziki yake kwao Yuda. Kuhani wa Mungu alikuwa amefikia mahali ambapo neno la Mungu lilimjia kama fujo, na swali lake pekee likawa: mahali hapa ni pa nani?

Baada ya kisa hicho, katika sura inayofuata, Amosi anatangaza njaa. Anafafanua kwamba haitakuwa njaa ya mkate wala kiu ya maji. Itakuwa njaa ya kulisikia neno la Bwana. Watu watatangatanga toka bahari hata bahari wakilitafuta, wasilipate (Amosi 8:11-12). Wengi husoma aya hizo kama tishio la mambo ya mbali. Mimi naona nabii anaeleza jambo lililokwisha kuanza. Watu waliomwambia nabii anyamaze walipewa walichokiomba, yaani ukimya. Njaa hiyo ilianza siku ile Amosi alipofukuzwa Betheli, na sadaka za asubuhi ziliendelea kutolewa kama kawaida. Hakuna aliyegundua kwamba ameanza kufa njaa.

Jeshi la Waashuru lilikuja baadaye sana. Samaria ilianguka mwaka 722 au 721 K.K., na Mfalme Sargoni wa Pili aliandika katika kumbukumbu zake kwamba alihamisha zaidi ya watu 27,000. Huo ulikuwa mwisho unaoonekana kwa macho. Taifa lilikuwa limekwisha kupoteza sikio lake karibu miaka 40 kabla ya hapo.

MATOKEO YA PILI: MOYO HAUSHTUKI TENA

Maandiko Matakatifu yanatupa masimulizi mawili ambayo ningependa myasome pamoja katika Jumuiya zenu. Mwaka 622 K.K. kitabu cha Torati kilipatikana Hekaluni, kikasomwa mbele ya Mfalme Yosia. Mfalme alipoyasikia maneno yale aliyararua mavazi yake na kulia (2 Wafalme 22:8-20). Miaka 18 hivi baadaye, maneno ya Yeremia yaliyoandikwa na Baruku yalisomwa mbele ya Yehoyakimu, mwana wa Yosia. Mfalme alikuwa ameketi katika nyumba yake ya majira ya baridi, moto ukiwaka mbele yake. Kila zilipokwisha kusomwa safu tatu au nne, alizikata kwa kisu cha mwandishi akazitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Mwandishi wa kitabu anaongeza neno moja zito: mfalme na watumishi wake hawakuogopa, wala hawakurarua mavazi yao (Yeremia 36:21-24).

Baba alirarua mavazi, mwana akakata kitabu. Kati yao kuna kizazi kimoja tu. Sidhani kwamba Yehoyakimu alizaliwa na moyo wa jiwe. Moyo hugandamana kidogo kidogo. Mtu hulisikia neno la kweli akalisukuma pembeni, kesho akalisikia tena likiwa dogo zaidi, na siku moja anaweza kulitia motoni huku akiota moto huo huo. Hiyo ndiyo adhabu ninayoiogopa kuliko ukame, maana mwenye kupatwa na ukame hulia kuomba msaada, lakini aliyepatwa na hii hajui kwamba amepatwa.

MATOKEO YA TATU: IBADA HUGEUKA MAFICHO

Yeremia alisimama langoni pa Hekalu akawaonya watu waliodhulumu wageni, yatima na wajane, kisha wakaja Hekaluni wakijiona wako salama. Aliifananisha nyumba ya Mungu na pango ambalo wanyang'anyi hujificha baada ya kazi yao (Yeremia 7:1-11). Bwana wetu aliirudia lawama hiyo alipowafukuza wafanyabiashara Hekaluni. Naye Ezekieli, akiwa uhamishoni Babuloni, aliona katika maono utukufu wa Mungu ukiondoka Hekaluni polepole, ukasimama kizingitini, kisha kwenye lango la mashariki, hatimaye juu ya mlima ulio mashariki ya mji (Ezekieli 10-11). Jengo lilibaki limesimama, na waliokuwa ndani waliendelea kufukiza ubani.

Yupo atakayesema hayo ni mambo ya kale. Tukumbuke mwaka 1994. Tarehe 10 Aprili mwaka huo Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa Roma, nayo ikatufundisha kulitazama Kanisa kuwa Familia ya Mungu. Siku tatu kabla ya hapo, mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza nchini Rwanda, nchi ambayo wananchi wake wengi walikuwa wamebatizwa. Waliuawa zaidi ya watu 800,000, hasa Watutsi, na wengi wao walifia ndani ya makanisa walimokuwa wamekimbilia, kama Ntarama, Nyamata na Nyarubuye. Miongoni mwa wauaji walikuwamo waamini waliokuwa wakishiriki Ekaristi moja na waliouawa. Mwaka 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya wanakanisa walioshiriki, na mwaka 2017 Baba Mtakatifu Fransisko alimwomba Mungu msamaha kwa ajili ya dhambi za Kanisa na za watu wake. Sisi majirani hatuna haki ya kuwanyoshea kidole. Tunayo haja ya kujiuliza kama ubatizo wetu umeshuka chini kuliko ukabila wetu, au umeelea juu yake kama mafuta juu ya maji.

KISA CHANGU MWENYEWE

Isionekane kwamba nazungumzia dhambi za wengine tu. Miaka kadhaa iliyopita nilihudumu katika parokia ya wakulima wa mahindi na viazi. Mnajua lumbesa ni nini. Gunia likishajaa, mnunuzi hulishindilia, kisha hulishonea kipande juu ili liongezwe tena, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Sheria inataka mazao yapimwe kwa mizani, lakini mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa hana nguvu ya kusubiri mizani.

Mmoja wa wanunuzi hao alikuwa muumini mkarimu. Alikuwa ametuahidi mabati ya kanisa la kigango. Jumamosi moja, baada ya maungamo, mama mmoja mjane alinisubiri nje akaniuliza: “Baba, katika zile amri kumi, lumbesa ni ya ngapi?” Nilicheka kidogo, nikamwambia tutazungumza.

Kesho yake ilikuwa Dominika ya 25 ya Mwaka C. Wanaosoma masomo kanisani wanajua kwamba somo la kwanza la siku hiyo ni Amosi sura ya 8, yale maneno ya kipimo kilichopunguzwa. Msomaji alisoma vizuri. Mimi nikapanda mimbarini, nikamwacha Amosi, nikahubiri juu ya wakili wa Injili na matumizi mema ya wakati. Baada ya Misa yule mnunuzi alinishika mkono akanishukuru kwa mahubiri mazuri.

Hakuna radi iliyopiga. Mabati yalianza kuletwa. Lakini katika miezi iliyofuata niliona kwamba nikifungua kitabu cha Masifu, midomo ilisoma na moyo haukusikia kitu. Zaburi zilizokuwa zikinilisha tangu seminarini zilinikaukia. Nilidhani ni uchovu, nikaomba likizo. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba nilikuwa Amazia. Nilikuwa nimelinyamazisha neno katika nyumba yake lenyewe, kwa sababu nilijua mahali hapo ni pa nani.

Baada ya miaka 3 somo lile lilirudi. Safari hii nilikwenda kwanza nyumbani kwa yule ndugu, nikamweleza nitakachosema, nikamwomba radhi kwa kumwacha bila kumwonya kwa muda wote huo. Dominika nilihubiri. Mabati yaliyosalia hayakuja, na kigango kilisali chini ya turubai kwa masika mawili. Yule mama mjane hakuwapo. Alikuwa amehamia mjini kwa mwanawe, na jibu la swali lake sikumpa. Najua sasa ni amri ya saba.

JE, HIYO SIYO SIASA?

Wapo viongozi wa walei wanaosema kwamba padre ashughulikie roho, mambo ya magunia na mishahara awaachie wengine. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilifundisha kwamba kutenda kwa ajili ya haki ni sehemu ya msingi ya kuihubiri Injili. Kabla ya hapo, mwaka 1967, Papa Paulo wa Sita alikuwa amekwisha kuunda Tume ya Kipapa ya Haki na Amani, na tume zetu za majimbo na parokia zimefuata mfano huo. Mimi nasema zaidi: nashughulika na magunia kwa sababu nashughulika na roho. Roho ya mnunuzi imo hatarini kuliko tumbo la mkulima.

Wala tusidhani kwamba hofu peke yake itatugeuza. Mwaka 588 K.K., Yerusalemu ilipozingirwa na Wababuloni, Mfalme Sedekia na wakuu waliwaacha huru watumwa wao Waebrania kwa agano la mbele ya Mungu. Adui alipoondoka kwa muda, wakawarudisha utumwani (Yeremia 34:8-22). Toba ya nyakati za hatari iliisha pamoja na hatari. Ndiyo maana siridhiki na mahubiri ya kutishana kwa mwisho wa dunia. Mtu anayemrudia Mungu kwa kuogopa ukame atamwacha tena mvua ikinyesha.

MLANGO HAUJAFUNGWA

Manabii hao hao waliotangaza hukumu hawakumaliza kwa hukumu. Hosea alimwona Mungu kama mzazi ambaye moyo wake unapinduka ndani yake, asiyeweza kumtupa mtoto aliyemlea (Hosea 11:1-9). Ezekieli aliahidiwa kwamba Mungu atauondoa moyo wa jiwe na kutia moyo wa nyama (Ezekieli 36:26). Naye Amosi, mkali kuliko wote, aliwaambia watu wachukie mabaya, wapende mema, waisimamishe haki langoni, na kwamba huenda Bwana akawahurumia waliosalia (Amosi 5:15). Langoni ndipo kesi zilipoamuliwa. Njia ya kurudi kwa Mungu ilipita mahali pale pale alipokataliwa.

Basi, ndugu zangu, tuanzie hapo. Kabla ya kuuliza kama ukame umeletwa na dhambi za jirani, kila Jumuiya Ndogo Ndogo isome Amosi sura ya 7 na ya 8 na kujiuliza: Je, katika biashara zetu, ndoa zetu, mirathi ya wajane wetu na mishahara ya wasichana wetu wa kazi, ni wapi tumemfungia Mungu mlango? Ni neno gani la Mungu ambalo parokia yetu imeliacha bila kuhubiriwa kwa kuwa lingemuudhi mfadhili, kiongozi au padre? Na ni nani kati yetu aliyeuliza swali akaambiwa tutazungumza?

Mkimpata huyo, mwiteni, mketi naye, mmsikilize mpaka mwisho. Msikomee hapo, mmpe na jibu.

Amani ya Kristo ikae nanyi.